Mwaija na Pole ya Namnyaki

Ukitaka kumjua Mwaija, kaa karibu naye asubuhi anapokoroga maziwa. Sufuria ni kubwa, mtoto angeweza kuogeshwa ndani yake. Anakoroga taratibu kwa mwiko wa mpini mrefu, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani juu ya ile kofia ya plastiki tunayotakiwa kuivaa sote. Anasema akivaa kofia peke yake anajiona kama embe lililofungwa kwenye mfuko. Na muda wote anaongea. Anayaambia maziwa yasubiri, anauambia moto upunguze kiburi, anatusemesha sisi tulio hai, na mara nyingi zaidi anawasema waliokufa.

Kwa Mwaija mtu akifa hatoki kwenye mazungumzo. Shangazi yake aliyefariki kabla mimi sijazaliwa namjua kama jirani. Najua alivyopenda chumvi, alivyochukia mbuzi wa watu, na alichomwambia mumewe siku aliyorudi nyumbani na mke wa pili. Wazigua wengi niliokaa nao Handeni wanawataja marehemu wao na kuwaombea, lakini Mwaija amezidi. Anawakalisha kwenye viti.

Kiwanda chetu kiko Handeni, nyuma ya barabara ya maduka. Kukiita kiwanda ni kukipa heshima. Ni nyumba ndefu ya mabati iliyokuwa ghala la mahindi la babu yake Mehnaz. Mehnaz ndiye mwenye mali. Ni Mhindi aliyezaliwa hapa, na baba yake alizaliwa hapa hapa. Akihesabu anahesabu kwa Kigujarati, akigomba anagomba kwa Kiswahili cha Handeni. Aliona kwamba wafugaji wana maziwa mengi huko porini, na kwamba Korogwe na Mombo mabasi yanashusha kila siku watu wenye kiu ya kitu baridi. Akaweka majokofu, akanunua gari dogo, akamwajiri Dunstan, Msambaa wa milimani, awe anapeleka mtindi huko. Mimi nilisomea maziwa chuoni. Kazi yangu ni kuyapima yanapoingia, kujua kama yameongezwa maji au yameanza kuchachuka. Mwaija anachemsha na kugandisha.

Namnyaki alikuja baadaye, na alikuja kwa sababu ya ugomvi wa moshi.

Wanawake wa Kimasai husafisha vibuyu vyao kwa kijinga cha moto. Wanakichukua kikiwa chekundu, wanakisugua ndani ya kibuyu, wanakung'uta majivu, ndipo wanakamulia. Maziwa yanakaa muda mrefu bila kuharibika, na yananuka moshi. Mwanzoni niliyakataa mlangoni. Mwaija aliyakataa kwa maneno.

"Maziwa gani haya, kama yametolewa kwenye nyumba iliyoungua."

Waliosikia Kiswahili waliwatafsiria wasiosikia, wakabeba vibuyu vyao wakaondoka, na kwa wiki nzima tulichemsha maziwa ya kufunika chini ya sufuria tu. Ndipo Mehnaz akamtafuta Namnyaki. Ni mwanamke wa Kimasai aliyemaliza darasa la saba, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha usogee umsikie. Alikaa mlangoni pamoja nami. Akawashawishi wenzake watuletee maziwa mengine kwenye ndoo za chuma, na akatushawishi sisi tusiyamwage yale ya kibuyu, tuyagandishe peke yake. Leo madereva wa malori pale Mombo wakimwona Dunstan wanaanza kuuliza, "Ile yenye moshi ipo?"

Mwaija aliugandisha mtindi huo kwa ustadi wake wote. Kuuonja hakuwahi.

Sitaki kusema kwamba kukaa pamoja watu wa namna namna ni rahisi. Siku Dunstan akija na dagaa kwa chakula cha mchana, Namnyaki anahamia mlangoni na chai yake, kwa sababu kwao samaki si chakula. Mwezi wa Ramadhani Mwaija na Mehnaz wanafunga, na kuonja kunabaki kwa Dunstan, ambaye anaonja mpaka tunamwekea mipaka. Krismasi Dunstan anapanda kwao mlimani na Mehnaz anaendesha gari mwenyewe, huku akilalamika njia nzima. Kuna kununiana. Lakini kuna jambo nililoliona baada ya muda: kiwanda hakikufungwa siku yoyote. Kila sikukuu ilimkuta mtu ambaye haikuwa yake.

Na kuna mizaha. Dunstan na Mwaija hawawezi kupeana kikombe bila kutupiana neno.

"Mwaija, nimesikia Handeni mvua mnaiona kwenye kalenda."

"Na nyie mkishuka bondeni mnatembea mnainua magoti, mnadhani bado mnapanda."

Namnyaki alikuwa akicheka kwa kufunika mdomo. Miaka ilienda hivyo, na Mwaija alimpenda. Alimfundisha kushona mikoba ya ukili, akawa anamwekea ukoko wa wali. Asubuhi alimsalimia kwa Kimasai alichokiokota mlangoni, "Takwenya," na Namnyaki akajibu, "Iko," kama wanavyojibu wanawake wa kwao. Ilikuwa salamu yao wawili. Sisi wengine tulipojaribu, Mwaija alituambia tunaiharibu.

Kisha mama yake Mwaija akafariki.

Msiba ulikuwa kijijini kwao, nje ya mji, na sote tulikwenda. Mehnaz alivua viatu akakaa kwenye mkeka na wanawake, akasoma Yasini kwa matamshi ya kwao. Dunstan alikuwa makaburini na wanaume, na nasikia alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mwaija alilia kama watu wanavyolia kwao: kila aliyefika na kuangua kilio mlangoni, naye aliangua upya, jina la mama likaitwa, sifa zake zikatajwa, mpaka sauti ikakauka.

Namnyaki alikuja. Aliingia bila sauti, akakaa karibu na ukuta, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Hakulia. Hakusema pole. Jina la marehemu halikupita mdomoni mwake. Alikunywa chai aliyopewa, akakaa mpaka jua likageuka, akasimama akaondoka. Jamaa mmoja wa Mwaija aliuliza kwa sauti ya kusikika, "Huyu amekuja msibani au amekuja kunywa chai?"

Neno lile lilimwingia Mwaija likakaa.

Aliporudi kazini alingoja. Nilimwona anangoja. Kila asubuhi Namnyaki aliinua ndoo nzito kabla Mwaija hajaigusa, akampelekea kuni, akaosha masufuria ambayo hayakuwa zamu yake. Pole haikuja. Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Mwaija alipoanza kumsimulia mama yake pale jikoni, alivyopika kisamvu, alivyomchapa kwa kijiti cha mpera, Namnyaki aliweka chini alichoshika akatoka nje. Si mara moja. Kila mara.

"Ananionaje?" Mwaija aliniuliza siku moja, mwiko ukiwa umesimama. "Mama yangu ananuka?"

"Labda kila mtu na kwao," nilisema. Lilikuwa jibu la mtu asiyejua.

"Kwao gani? Kwao hawafi?"

Dunstan alijaribu kumchekesha. "Mwache, Mwaija. Mmasai machozi anamwekea ng'ombe."

"Basi mimi si hata ng'ombe," alisema, wala hakutabasamu.

Akaendelea kumwekea ukoko, lakini salamu ya "Takwenya" aliiacha. Alisema "Habari za asubuhi," kama anavyowasalimia watu wa ofisi za serikali.

Masika yalipokaribia kwisha, Namnyaki hakuja kazini. Akaja dereva wa bodaboda na habari: mama yake amefariki huko bomani.

Tulimfahamu yule bibi. Alikuwa akija mwenyewe na kibuyu chake, mkongojo mkononi, akinipima mimi kwa macho wakati mimi napima maziwa yake. Jina lake nalijua. Sitaliandika hapa, na sababu itaonekana.

Mwaija aliposikia alifungua kanga kiunoni akaifunga upya. Nimewahi kumwona akifanya hivyo akiwa na shughuli kubwa mbele yake.

"Tutakwenda," alisema. "Tutakwenda sote, na wali tutapika. Leo atajua mtu anavyozikwa."

Nadhani ndani ya maneno yale kulikuwa na wema mkubwa, na pembeni ya wema kulikuwa na kijiba cha roho. Nilikisikia nikanyamaza. Alipika sufuria ya wali wa nazi na maharage, Mehnaz akatoa gari na sukari na majani ya chai, Dunstan akaendesha. Njiani Mwaija alijifunga kanga kichwani vizuri, akawa anajiandaa kwa sauti ndogo kama mwimbaji.

Boma lilikuwa mbali na barabara, limezungushiwa miiba. Tulishuka. Mwaija akaweka mikono kichwani akaanza kilio tangu kwenye lango. Aliita. Alimwita yule bibi kwa jina lake, na jina la babake Namnyaki akaliunganisha, akamuuliza kwa nini ametuacha, akamuuliza maziwa atatuletea nani. Ilikuwa sauti ambayo Handeni ingemtoa kila mwanamke nje ya nyumba aje ajiunge.

Pale iliwaingiza ndani. Wanawake waliokuwa wameketi nje walisimama wakaingia kwenye vijumba vyao, wakivuta watoto kwa mikono. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye kigoda, kichwa kimenyolewa, aligeuza uso akatazama ng'ombe. Alikuwa mume wa marehemu. Mwaija, akidhani hawajasikia, akaita tena kwa nguvu zaidi.

Namnyaki akatoka. Sikumtambua mara moja. Kichwa chake nacho kilikuwa kimenyolewa, na shanga zote zimevuliwa, shingoni na masikioni, amebaki kama mtu aliyetoka kuoga. Alikuja mpaka mbele ya Mwaija.

"Rudini," alisema.

"Namnyaki, mwanangu, tumekuja kulia na..."

"Rudini, Mwaija. Tafadhali."

Tukarudi. Dunstan aligeuza gari bila mzaha wowote. Nyuma, mfuniko wa sufuria uligongagonga katika kila shimo, na hatukuwa na nguvu ya kuushika.

"Wamekataa wali," Mwaija alisema tulipofika lami. Baadaye kidogo, "Wamekataa kilio." Halafu hakusema tena mpaka mjini, na mimi, niliyezoea kuusikia mdomo wake kama saa ya ukutani, nilihisi kitu kimesimama.

Namnyaki hakurudi kazini. Siku za msiba ziliisha, zikapita nyingine, mlangoni nilikaa peke yangu. Wanawake wa vibuyu walipungua, kisha wakawa wanapita mbali. Ile sufuria ya mtindi wa moshi ilikaa imepinduliwa juu ya meza. Dunstan alirudi kutoka Mombo na malalamiko ya madereva.

Mehnaz alituita. Si mtu wa kuzungusha maneno.

"Nitatafuta Mmasai mwingine. Wapo wanaojua Kiswahili."

"Usitafute," Mwaija alisema.

"Mwaija, nina majokofu yanapoza hewa."

"Dada Mehnaz, nimesema usitafute. Nimemwondoa mimi, nitamrudisha mimi. Nikishindwa, hapo utafute wawili, na wa kuchemsha pia."

Mehnaz alimwangalia, akaniangalia mimi, akasema kitu kwa Kigujarati na kurudi kwenye hesabu zake. Tulikubali kwamba amekubali.

Siku ya mnada wa ng'ombe wanawake wa Kimasai huja kuuza dawa za miti na shanga huku waume zao wakiuza mifugo. Mwaija aliniomba niende naye. Njiani alikuwa ameandaa hotuba. Alinisomea yote: angeanza kwa kuomba radhi, angemkumbusha udugu wao, angemwombea marehemu, angemalizia na machozi ikibidi.

Tulimkuta Namnyaki amekaa kwenye kivuli cha lori, magome ya miti mbele yake juu ya kitambaa. Nywele zilikuwa zimeanza kuota kidogo.

"Takwenya," Mwaija alisema.

Namnyaki alimtazama, akayapanga magome.

Mwaija alikaa chini vumbini, kanga yake nzuri na yote. "Mdogo wangu, nimekuja kwa ajili ya mama yako. Mimi na..." na akafungua mdomo amtaje.

Namnyaki akamziba mdomo kwa kiganja. Hakumpiga, wala hakumsukuma. Aliuweka mkono pale kama unavyoweka mkono juu ya kikombe ukiwa hutaki kuongezewa.

"Usimwite," alisema kwa sauti ile ya chini. "Amelala."

Mwaija alibaki na macho juu ya ule mkono.

"Kwetu mtu akiondoka, jina lake tunaliacha naye," Namnyaki alisema, akiondoa mkono polepole. "Hata kama kuna mtoto ana jina hilo, nyumbani tunamwita kingine. Ukiita, unamwamsha. Wewe ulikuja langoni ukamwita kwa sauti ya kuita ng'ombe aliyepotea. Baba alisikia. Hakula siku ile."

Watu walipita, ng'ombe wakapita, vumbi likatufunika sote watatu. Mwaija alikuwa anafikiri; nilimwona anarudi nyuma, siku moja moja, kama mtu anayefumua mshono.

"Jikoni," alisema. "Nilipokuwa namsema mama."

"Kila siku ulimwita. Mimi nikasema, huyu bibi hatalala kamwe. Nikawa natoka, nisiwe wa kumwamsha pamoja na wewe."

"Na msibani? Hukuniambia hata pole."

Namnyaki alishangaa kwelikweli. "Nilikuja nikakaa. Nilikaa mpaka jua likageuka. Hukuniona?"

"Nilikuona."

"Sasa?"

Mwaija alijifuta uso kwa pindo la kanga. "Walisema umekuja kunywa chai."

Namnyaki alifunika mdomo. Nilidhani analia, kisha nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko. "Na ile chai haikuwa na maziwa," alisema. Mwaija naye akacheka, machozi yakimtiririka, na mteja aliyekuja kuulizia dawa ya tumbo akatuogopa akaenda kwa jirani.

Lakini kurudi kazini lilikuwa jambo jingine. Namnyaki alisema baba yake amekataza. Mumewe anafanya ulinzi Dar es Salaam, yeye anakaa kwao, na mambo ya boma yako mikononi mwa mzee. Mzee amesema binti yake hatafanya kazi mahali panapoamsha watu.

"Nitakuja kumwomba," Mwaija alisema.

"Utaomba nini? Ukiomba utaeleza, ukieleza utamtaja." Namnyaki alifikiri. "Njoo ukae tu."

"Nikae?"

"Ukae."

Wasomaji wasiomjua Mwaija hawawezi kujua alikuwa akiombwa kitu kizito kiasi gani. Dunstan alipoambiwa, alisimamisha kupakia makreti. "Mwaija anyamaze? Mngemwambia abebe gari, ningesema labda."

"Kapande mlima wako," Mwaija alimwambia, lakini uso ulikuwa na hofu.

Tulikwenda asubuhi, bila sufuria, bila kilio. Kwenye lango la miiba Mwaija alisimama, akavuta pumzi, akaingia kwa miguu yake miwili kama mtu anayeingia msikitini. Alimwamkia mzee shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akamwelekeza kwa mkongojo kigoda cha kukalia. Mwaija akakaa.

Akakaa. Nilimwona anafungua mdomo akaufunga. Aliutazama mlango wa kijumba ambacho nadhani kilikuwa cha marehemu, na kidevu kikamtetemeka, naye akakishika kwa mkono. Ndama walikuja wakamnusa kanga. Mzee aliuliza habari za mvua huko mjini. Mwaija alisema haijatosha. Mzee akasema hata huku. Muda mrefu ukapita. Mzee akasema yule ndama mwekundu alizaliwa na mguu mbovu, sasa anapona. Mwaija alimtazama ndama akasema ni ndama mzuri. Hayo ndiyo yote. Nimehudhuria semina nyingi za namna ya kuishi na wafanyakazi wenzako, zenye chai na vitafunwa na mtu anayechora mishale ubaoni. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi ngumu kama ile aliyofanya Mwaija kwenye kile kigoda.

Namnyaki alitoka na kibuyu, akammiminia kikombe. Harufu ya moshi ilinifikia mimi niliyekaa pembeni. Mwaija alikipokea kwa mikono miwili. Maziwa ya nyumba iliyoungua. Alikunywa yote, taratibu, bila kukunja uso, akarudisha kikombe kikiwa kitupu. Mzee alikuwa anamwangalia.

Jua lilipogeuka alisimama akaaga. Mzee akamwambia binti yake maneno machache kwa Kimasai. Hatukuyaelewa, na Namnyaki hakutafsiri pale. Alitusindikiza mpaka mbali na miiba, ndipo akasema.

"Amesema huyu mama anajua kukaa."

Mwaija alitembea mpaka kwenye gari, akaingia, akafunga mlango, na hapo akaongea mfululizo mpaka Handeni.

Namnyaki alirudi baada ya mnada uliofuata, akiwa na nyuzi chache za shanga shingoni. Wanawake wa vibuyu wakarudi nyuma yake bila kutangaziwa. Mwaija alikuwa kwenye sufuria.

"Takwenya."

"Iko."

Mehnaz aliyesikia kutoka ofisini alisema tu, "Haya, majokofu yapate kazi," na tukajua amefurahi.

Mambo hayakunyooka yote. Dagaa wa Dunstan bado wanamhamisha Namnyaki mlangoni. Mwaija bado anaamini kwamba marehemu asiyetajwa anasahaulika, na Namnyaki bado anaamini kwamba anayetajwa hapumziki, na sijamsikia yeyote akijaribu kumgeuza mwenzake. Mimi mwenyewe nina watu wangu waliolala, na kuna siku natamani kuwaita kwa sauti, na kuna siku natamani nyumba inyamaze. Nawaangalia hawa wawili nikijua kwamba nitawahitaji wote wawili. Mtindi wa moshi Mwaija sasa anauonja kila asubuhi. Anasema ni kwa ajili ya ubora.

Jana nilikuwa naandika vipimo vyangu wakati maziwa yakianza kupanda. Mwaija alipunguza moto, akauegemeza mwiko, na nikaona uso wake umekwenda mbali.

"Namnyaki," aliita, "nataka kumtaja mama."

"Subiri nitoke."

Namnyaki akaweka ndoo chini, akaenda nje akakaa kwenye ngazi, mgongo kwetu, akawa anazungusha shanga zake. Dunstan aliyekuwa anapakia alimuuliza kama amefukuzwa tena. Alimjibu kwamba yuko mapumziko. Mwaija alimsimulia mama yake kwangu na kwa sufuria: kisamvu, kijiti cha mpera, wimbo aliouimba akitwanga. Alimtaja kwa jina mara nyingi, kwa raha, mpaka akashiba.

Ukimya ulipoingia, sauti ya chini ikatoka mlangoni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Amelala?"

Mwaija akachukua mwiko, akatazama maziwa yalivyotulia.

"Amelala," alisema. "Njoo unisaidie kuipua."